Mafunzo ya takwimu za joto Kampala: mwalimu aliyeigandisha Entebbe

Kama mna pesa ya kuchezea, nendeni. Mimi nimetoka huko na hasira ambayo mpaka leo haijashuka.

Walitangaza mafunzo ya kuchambua rekodi za halijoto za miaka mingi, kwa Kiswahili, maana tulikuwa mchanganyiko: Wakongo, Wakenya, na sisi wa Kasese tunaonunua kahawa. Ukumbi safi, chai nzuri. Ada siitaji, nitalia.

Ikafika zamu ya faili la Entebbe. Rekodi zetu za zamani zina mapengo, hasa mwisho wa miaka ya 70 na mwanzo wa 80: Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, idara yake ya hali ya hewa ikasambaratika nayo, kisha vita. Kwenye faili, kila siku isiyopimwa iliandikwa -99.9, alama tu ya pengo. Anayezijua data hizi huitafuta hiyo kabla ya kugusa kitu kingine.

Mwalimu hakuitafuta. Akaiagiza programu ipige wastani, nayo ikaihesabu ile -99.9 kama nyuzi joto za kweli, na Entebbe, pembeni ya ziwa, karibu kabisa na ikweta, ikapata miezi yenye baridi kuliko friji ya bucha. Kwa kuwa mapengo yalikuwa upande wa mwanzo wa rekodi, mstari ukaanzia shimoni ukapaa. "Mnaona joto linavyokimbia?" akasema, meno yote nje.

Nikanyoosha mkono. "Samahani mwalimu, Entebbe iliganda lini?" Watu wakacheka. Akanigeukia: "Mama, kompyuta haidanganyi. Kama hesabu zimekushinda, nenda kanywe chai."

Nenda kanywe chai! Chai niliyoilipia mwenyewe!

Na kinachouma ni kwamba joto linapanda kweli. Barafu ya Rwenzori mwaka 1906 ilifunika zaidi ya kilomita 6 za mraba. Leo haifiki hata moja. Jambo la kweli unalitia chumvi ya nini? Siku mtu akiigundua ile -99.9, atautupa na ukweli wenyewe.

Lakini haki ya mtu nimpe. Msaidizi wake, kijana mpole, alinifuata barazani na kompyuta yake. Akaziacha tupu siku zisizopimwa, akailinganisha Julai na Julai, Januari na Januari, halafu akanionyesha njia ya mwanatakwimu Sen ya 1968: unachukua miaka miwili miwili, jozi zote zinazowezekana, unatafuta mteremko wa kila jozi, yaani joto limepanda au kushuka kiasi gani kwa mwaka, kisha unaipanga yote kwa ukubwa na kuchagua ulio katikati. Mwaka mmoja wa ajabu hauna nguvu ya kuuvuta. Mstari ukatulia: unapanda polepole, lakini unapanda. Pale barazani ndipo nilipojifunza, na kwa kweli palistahili ada yote.

Kwa hiyo nyota moja. Haya, tatu, kwa ajili ya kijana. Hapana, mbili: niliwaandikia kuomba faili lililosafishwa, wakanijibu kwamba lile la ukumbini "limeshahakikiwa".