Kutu uvunguni mwa pikapu mpya, na jibu la "chuma ni chuma"

Nianze kwa haki: pikapu yenyewe ni nzuri. Injini inavuta mzigo bila kuhangaika, kiti hakichoshi mgongo, na kwenye barabara mbovu inatulia kuliko nilivyotarajia. Ningeandika tathmini hii katika wiki za mwanzo, ningeisifu bila kusita. Ninaiandika sasa kwa sababu ya kutu niliyoikuta uvunguni kabla gari halijamaliza hata mwaka, na zaidi kwa sababu ya namna nilivyojibiwa nilipolirudisha kwa waliouza.

Niliiona nilipoingia chini kukagua tairi la akiba. Eksozi na vichwa vya bolti vilikuwa na wekundu kidogo, jambo ambalo sikulijali, kwa kuwa eksozi hupata joto kali na bolti hukwanguliwa na spana, na kutu ya namna hiyo huweza kukaa juu juu kwa miaka bila madhara. Kilichonishtua ni chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari zima. Juu ya ekseli ya nyuma, pale kishikio cha shokomzoba kilipochomelewa, rangi nyeusi ilikuwa imevimba kufuata mstari wote wa uchomeleaji. Niliigusa kwa ncha ya bisibisi, kikabanduka kipande chenye ukubwa wa ukucha, na nyuma yake kulikuwa na unga wa rangi ya machungwa ambao bado ulikuwa na unyevu. Nilihamia upande wa pili nikakuta hali ileile, mahali palepale. Mawe yanayoruka barabarani hayana ustadi wa kupiga kulia na kushoto kwa ulinganifu kama ule.

Mtu aliyezoea kazi ya kuchomelea hatashangaa. Uchomeleaji huacha mabaki magumu pamoja na chembe za chuma zilizoruka, na chesisi inapozamishwa kwenye tangi la rangi inayogandishwa kwa umeme, rangi hiyo, ambayo unene wake ni mikroni 20 hivi (sehemu mbili za mia za milimita), haishiki sawasawa juu ya uchafu huo. Maji yakishapata mwanya, hasa yakiwa na chumvi ya pwani au ile inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu, chuma huanza kuliwa chini kwa chini. Na kwa kuwa kutu hujaa nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, huinua rangi iliyobaki na kuyafungulia maji njia zaidi. Kwa maneno mengine, kasoro ya aina hii gari hutoka nayo kiwandani.

Nilitaraji tuzungumze hayo. Mshauri wa huduma hakuinamisha hata shingo. Gari lilipandishwa kwenye lifti, naye akasimama kando, akamulika kwa tochi ya simu kutoka mbali kana kwamba anatafuta kitu kwenye dari, akasema, "Bosi, chuma ni chuma. Kikinyeshewa kinashika kutu." Kabla sijamaliza kumwonyesha mstari wa uchomeleaji, alikuwa ameshaandika kwenye fomu "hali ya kawaida" na kunisogezea kalamu nitie sahihi. Nilipofungua karatasi nilimohifadhi kile kipande cha rangi kilichobanduka, alicheka. Nimewahi kutukanwa waziwazi na watu waliokuwa na sababu zao, na sikukasirika kama nilivyokasirishwa na kicheko kile. Hilo "bosi" nalo lilizidi kuniudhi, kwa maana hakuna bosi anayejibiwa hivyo.

Nilimuuliza iweje kutu ishike pande zote mbili mahali pamoja. Akajibu, nadhani kwa nia ya kunituliza, "Usijali, hata wenzako wamekuja na hiyohiyo." Sasa kama wenzangu wamekuja na hiyohiyo, na wote wamerudishwa na fomu ya "hali ya kawaida", ninashindwa kuelewa ni lini isiyo ya kawaida itaanza.

Jibu limo kwenye waranti, na ninawasihi mnaokusudia kununua msome ukurasa wa kutu kabla ya kulipa. Waranti yangu, kama nyingi za aina yake, inalipia bati la bodi litakapotoboka kuanzia ndani kwenda nje. Kutu ya juu haimo, na chesisi haikutajwa popote. Kwa hiyo mlango ukitoboka nitahudumiwa, lakini ule mhimili uliobeba injini, kabini, springi na mzigo wote ni shauri yangu. Wala hofu hii si ya kubuni: mwaka 2016 Toyota ilikubali huko Marekani mapatano ya hadi takriban dola bilioni 3.4 kuhusu chesisi za Tacoma, Tundra na Sequoia zilizodaiwa kuliwa na kutu mapema. Pikapu yangu si ya kampuni hiyo, ila nimeitaja kwa sababu niliambiwa kuwa chesisi haijawahi kuwa hoja ya mtu yeyote.

Kilichomaliza uvumilivu wangu ni kwamba, baada ya kukana tatizo, walitaka kuniuzia tiba yake: kupulizia uvungu wote ule upako mzito mweusi unaofanana na mpira, juu ya kutu hiyohiyo, bila kusugua chochote. Upako wa namna hiyo ukipata ufa hushika maji ndani na kuyaficha, kutu ikaendelea kula huku kwa nje kila kitu kinang'aa. Nilikataa.

Kazi nimeifanya na fundi ninayemwamini. Tulipiga picha kila sehemu kwanza, ili kesho nisiambiwe kwamba nimeiharibu mwenyewe, kisha tukaosha, tukasugua kwa brashi ya waya hadi chuma kikaonekana, tukapaka dawa yenye asidi ya fosforasi inayobadilisha mabaki ya kutu, tukaacha ikauke, ndipo ikafuata praima (rangi ya msingi) yenye zinki, kisha rangi yenyewe. Ndani ya maboksi ya chesisi, yaani sehemu zake zenye uwazi ndani, tulipulizia nta kwa mpira mrefu, baada ya kuzibua matundu ya kutolea maji, ambayo mawili kati yake yalikuwa yamezibwa na tope lililokauka kama saruji. Fundi anasema chuma chini yake bado ni kizima, hakijaliwa kwa kina.

Kwa hiyo siwezi kusema gari ni bovu. Anayelipenda alinunue, mradi aingie uvunguni kabla ya kulikabidhiwa na afuatilie mistari ya uchomeleaji kwa tochi, hasa nyuma. Nilikuwa nimekusudia kuipa pikapu nyota nne na kuwapa wauzaji moja. Lakini kampuni ndiyo iliyochomelea chesisi hiyo na ndiyo iliyoandika waranti hiyo, na yule kijana wa kucheka anavaa nembo yao kifuani. Nyota mbili kwa wote. Fomu yao sijaitia sahihi, na nimewaandikia kwamba sitaitia hadi maneno "hali ya kawaida" yafutwe na mahali pake paandikwe kilichoonekana.