Duka la samaki wa mapambo Kisumu: huduma ya kutengenezewa tangi la fulu

Fulu, samaki wadogo wa Ziwa Viktoria, ni wachimbaji. Dume hufukua shimo mchangani ili kumvutia jike, na mmea uliopandwa hapo hung'oka ukabaki ukielea. Kwa hiyo nililipima duka hili kwa jambo moja: kama fundi wake angetengeneza tangi kwa kufuata tabia ya samaki, au kwa kupendeza macho ya mnunuzi.

Fundi alianza na mawe. Alitandika sponji nyembamba juu ya kioo cha chini, akayapanga mawe juu yake, akalitikisa kila moja kwa mkono hadi akaridhika kwamba halichezi, kisha ndipo akamwaga mchanga uliooshwa, kina cha sentimita 5 hivi. Wengi hutanguliza mchanga, na samaki akichimba chini ya jiwe, jiwe hilo huporomoka na huweza kupasua kioo. Mimea nayo hakuipanda kabisa. Alichagua anubiasi, yenye asili ya Afrika ya Magharibi na ya Kati na majani magumu, akaifunga kwenye mawe kwa mshipi wa kuvulia samaki, shina likiwa wazi kwa kuwa likifukiwa huoza. Alikataa pia kuniuzia kichujio cha kulazwa chini ya changarawe, ingawa kilikuwepo rafuni, kwa sababu samaki hawa hukifunua na maji yakapita shimoni bila kuchujwa. Badala yake alinifungia cha nje. Kazi hiyo naisifu bila kusita.

Meza ya tangi, hata hivyo, hairidhishi. Tangi la lita 200 lina maji ya kilo 200, kabla ya kuhesabu kioo na mawe, nayo meza waliyoniletea iliyumba, ikabidi seremala wa jua kali aiongezee miguu. Kubwa zaidi, mhudumu wa kaunta alitaka nichukue samaki siku ileile, ilhali bakteria wa kichujio huhitaji wiki kadhaa kabla ya kuweza kuondoa amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki. Samaki hawa, ambao spishi zao nyingi zilitoweka ziwani katika miaka ya 1980 mbuta (sangara) alipoongezeka, hawastahili kufia kwenye maji mabichi.

Ukienda, omba fundi huyo, nunua meza kwingine, na uwachukue samaki tu baada ya vipimo kuonyesha kwamba amonia na nitriti, sumu ambayo bakteria huitoa wakivunja amonia, ni sufuri.