Fundi cherehani, mwenye baa na jenerali: nani hasa anaibeba Deep Space Nine?

Karibuni tena, watazamaji wangu. Leo nina Star Trek: Deep Space Nine, tamthilia ya televisheni ya mambo ya anga, misimu 7, sehemu 176, iliyorushwa Marekani kuanzia Januari 1993 hadi Juni 1999. Benjamin Sisko, mhusika mkuu anayechezwa na Avery Brooks, ameshachambuliwa sana na anastahili. Leo nawataka wale wa pembeni: fundi cherehani, mwenye baa na ndugu zake, jenerali mwenye jicho moja, na ofisa mlevi ambaye mwanzoni hakuna aliyemjali. Ninachouliza ni hiki: kati ya mataifa yote ya kubuni yaliyomo humu, ni lipi limejengwa likajengeka, na nani kalijenga? Natahadharisha mapema kwamba nitatoboa hadithi mpaka mwisho wake.

Kwa wasioijua kabisa: kuna kituo cha anga karibu na sayari ya Bajor. Kilijengwa na Wacardassia, walioitawala Bajor kwa mabavu kwa takriban miaka 50, wakawafanyisha Wabajor kazi ya kuchenjua madini humo humo kituoni. Hadithi inaanza Wacardassia wameshaondoka, kituo wamekivuruga, na watu wa mataifa mbalimbali wanalazimika kuishi pamoja kwenye korido zile zile. Tamthilia nyingine za aina hii humwonesha mgeni wiki hii, wiki ijayo chombo kimeshapaa kwenda sayari nyingine. Hapa hakuna anayepaa. Uliyemkosea Jumatatu utakutana naye Jumanne kwenye baa ya Quark. Ndiyo maana wahusika wasaidizi wa humu wamepata nafasi ya kukua.

Msimamo wangu nauweka wazi tangu sasa. Taifa la kubuni halisadikiki kwa sababu ya mapua ya mpira na lugha iliyotungwa. Linasadikika likiwa na mtu wa ndani anayebishana nalo huku analipenda. Kipimo changu leo ni hicho.

Tuanze na Waferengi. Wenye masikio makubwa, biashara ndiyo dini yao, wana Kanuni za Uchumaji 285. Wanawake wao kisheria hawaruhusiwi kuvaa nguo wala kutengeneza faida. Walipoingizwa mara ya kwanza kwenye Star Trek, mwaka 1987, walikuwa vichekesho tu, na kusema kweli walikuwa wanachosha. Deep Space Nine ikawachukua watu hao hao ikawapa familia: Quark mwenye baa (Armin Shimerman), mdogo wake Rom (Max Grodénchik), na Nog, mtoto wa Rom (Aron Eisenberg, aliyefariki mwaka 2019).

Mtazameni Nog vizuri. Kwenye sehemu ya kwanza kabisa anakamatwa kwa wizi. Baadaye Jake, mtoto wa Sisko ambaye ndiye mkuu wa kituo, anamfundisha kusoma kwa siri. Msimu wa tatu anaingia ofisini kwa Sisko na mfuko wa latinum, fedha ya Waferengi, yaani akiba yake yote, anauweka mezani ili anunue nafasi ya kuingia jeshi la anga la Shirikisho, ule muungano wa sayari ambao wanadamu wamo. Kwa Mferengi hiyo ndiyo heshima kubwa kuliko zote, maana ametoa alichonacho. Sisko haelewi. Anadhani ni hila za baba yake mkubwa, Quark. Anampa kazi ya kuhesabu mizigo ghalani ili amjaribu, Nog anaifanya vizuri mno, na bado Sisko anamkatalia, anamshika mabega, anamuuliza kwa ukali: kwa nini? Hapo ndipo kijana analipuka. Baba yake ni fundi wa mitambo wa ajabu, angeweza kuwa mhandisi mkuu wa chombo kizima, lakini kwa sababu ni Mferengi alilazimishwa kutafuta faida, jambo asiloliweza, na maisha yake yakapotea. Nog hataki kuishia hapo.

Hebu rudieni onyesho hilo mara mbili. Ndani ya dakika chache mmeelezwa sheria ya taifa zima, nani inamuumiza, na mtoto anampenda baba yake kiasi gani. Hakuna mtu aliyesimama kutoa mhadhara.

Na Rom mwenyewe, yule anayedharauliwa, msimu wa nne anaunda chama cha wafanyakazi ndani ya baa ya kaka yake, jambo lililo haramu kwa Waferengi. Mama yao, Ishka, anafanya biashara kwa siri na anavaa nguo zake. Mwisho wa tamthilia Rom ndiye anayerithi kiti cha Nagus Mkuu, yaani kiongozi wa Waferengi wote. Mabadiliko ya taifa yamepita jikoni kwa familia moja. Quark naye anabaki upande wa pili, anayatetea ya zamani, na tusimpuuze: kuna mahali anamwambia Sisko usoni kwamba wanadamu walikuwa na utumwa na kambi za mateso, Waferengi hawakuwahi. Sisko hana jibu la maana. Mwandishi anayempa mwenye baa hoja nzito kuliko ya shujaa, mimi huyo namvulia kofia.

Dosari zipo. Zile sehemu za Waferengi za kuchekesha tu, hasa ile ya msimu wa sita ambapo Quark anageuzwa mwanamke, zimezeeka vibaya. Zirukeni, hamtakosa kitu.

Msimu wa saba Nog anapoteza mguu kwenye vita dhidi ya Dominion, dola vamizi, na sehemu ya 10 ya msimu huo, It's Only a Paper Moon, yote ni yake na ya Vic Fontaine, mwimbaji wa klabu aliyeundwa na kompyuta. Hakuna hata mmoja kati yao ambaye mwigizaji wake yumo kwenye orodha ya waigizaji wakuu ya mwanzo wa kila sehemu. Nog amepewa mguu mpya, madaktari wanasema uko sawa, lakini yeye anachechemea na kusema unauma. Kijana huyu alidhani vita ni ushujaa, sasa amejua kwamba anaweza kufa kesho. Eisenberg amecheza chini ya kinyago kinachofunika kichwa chote, na macho yake peke yake yanatosha.

Haya, Wacardassia. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo penye utajiri.

Kwa nje ni wakoloni wakatili. Mahakama zao hutoa hukumu kabla ya kesi kuanza, na kesi yenyewe ni maonyesho ya kuwafundisha raia utii. Hadithi zao za upelelezi, washukiwa wote huwa wana hatia. Kazi ya msomaji ni kujua nani kafanya kosa gani. Mambo hayo ya fasihi tunayapata mezani, wakati wa chakula cha mchana, kwenye mabishano ya Garak (Andrew Robinson) na daktari Julian Bashir. Bashir anachezwa na Alexander Siddig, mzaliwa wa Sudan, ambaye misimu ya mwanzo jina lake liliandikwa Siddig El Fadil, na nawaambia, kuliona jina hilo kwenye tamthilia kubwa ya Marekani ya mwaka 1993 halikuwa jambo dogo. Garak ni fundi cherehani pekee wa Kicardassia aliyebaki kituoni. Anasema ni fundi tu. Ukweli ni kwamba alikuwa jasusi, akafukuzwa kwao, na kila siku anashona suruali za watu wanaomchukia huku akiitamani nchi yake. Anasema uongo karibu kila anapofungua mdomo, lakini mapenzi yake kwa Cardassia hayana uongo hata kidogo.

Mwingine ni Marritza, anayetokea kwenye sehemu moja tu, Duet, ya msimu wa kwanza. Anakuja kituoni, anajitangaza kuwa ndiye mkuu wa kambi ya Gallitep, mchinjaji mwenyewe. Meja Kira, Mbajor aliyepigana msituni, anamhoji. Polepole inafichuka kwamba Marritza alikuwa karani wa kambi, aliyeziba masikio usiku ili asisikie vilio. Amejifanya mkuu wa kambi ili ashtakiwe, ahukumiwe, na kwa njia hiyo Cardassia yote ilazimike kukiri ilichofanya. Sisi tuliozaliwa kwenye nchi zilizotawaliwa tunajua uzito wa karani wa upande wa pili kusimama na kusema: tulifanya. Harris Yulin aliyemcheza amewazidi wageni wote waliowahi kupita kwenye tamthilia hii.

Halafu Damar. Anaanza kama msaidizi wa Dukat, Mcardassia aliyewahi kuitawala Bajor, anatii amri, baadaye anakunywa. Utawala wa Dominion unapoikalia Cardassia, anageuka na kuongoza uasi, na mwalimu wake wa vita vya msituni anakuwa Kira, mwanamke aliyewahi kupigana na jeshi la Damar. Siku Damar anapoarifiwa kwamba mke na mtoto wake wameuawa, anauliza ni watu gani hao wanaotoa amri ya kuua wasio na hatia. Kira anamrudishia swali lile lile: ndiyo, Damar, ni watu gani hao? Chumba kizima kinanyamaza. Casey Biggs, anayemcheza Damar, hasemi neno, anatoka. Muda mfupi baadaye anampiga risasi rafiki yake mwenyewe anayetaka Cardassia ya zamani irudi, kwa sababu ameelewa kuwa haipo tena.

Waklingon nao, lile taifa la wapiganaji? Martok wa J.G. Hertzler nampenda sana: mtu wa ukoo wa chini, aliyenyimwa uofisa kwa sababu ya kuzaliwa kwake, aliyepoteza jicho gerezani, na mwishowe anakuwa kiongozi wa dola. Ana uzee na uchovu ambao Waklingon wengine hawana. Tatizo ni kwamba yeye ni mmoja, na waliomzunguka wote bado wanaimba wimbo ule ule wa heshima na damu. Utofauti wa ndani ni mdogo.

Bajor ndiyo inayoniuma. Misimu mitatu ya kwanza ilikuwa na kila kitu: makuhani wanaogombea madaraka, wapiganaji wasiojua kuishi bila vita, na Winn wa Louise Fletcher, kiongozi wa dini mwenye tabasamu linalotisha. Kisha vita kubwa ikaja na waandishi wakaiacha kando. Winn akaishia kwenye hadithi ya mapepo na kitabu cha uchawi, na hilo sijalikubali mpaka leo. Jem'Hadar na Vorta, yaani askari na wasimamizi wa Dominion, waliumbwa wasiwe na hiari, kwa hiyo kwa kipimo changu hawawezi kufika mbali, ingawa Jeffrey Combs kama Weyoun ni raha kumtazama.

Kwa hiyo namba moja naipa Cardassia, Waferengi wanafuata kwa karibu sana. Ukibisha, tazama kwanza sehemu ya mwisho. Wacardassia milioni 800 wameuawa. Martok amekuja na pipa la mvinyo wa damu ili washerehekee ushindi kama walivyoahidiana. Sisko na mwenzake wanaiangalia miili, wanamwaga mvinyo wao, wanaondoka. Martok anakunywa peke yake. Kisha kwa upande mwingine Garak anamwambia Bashir kwamba amerudi nyumbani, na nyumbani kwenyewe hakupo.

Picha ni za kiwango cha televisheni za zamani, kwa hiyo msitegemee ung'avu wa siku hizi. Asiye na muda wa sehemu 176 aanze na Duet, kisha The Wire ya msimu wa pili, kisha Heart of Stone ya msimu wa tatu. Akishafika hapo ataamua mwenyewe kama anaendelea. Na wewe unayemweka Martok juu ya Garak, niandikie hoja zako, nitazisoma zote.