Darasa la Ubao wa Kuokolea, Pwani ya Paje

Katika huduma za baharini zinazotolewa Paje, darasa la mwokoaji mkongwe wa pale pwani ndilo ninalolipendekeza bila kusita. Maalim, kama wanafunzi wanavyomwita, ameumaliza ujana wake katika kuokoa watu na kushindana kwa ubao, na hamruhusu mtu kushindana kabla hajaweza kumfikisha mwenzake nchi kavu.

Ubao wenyewe si ule wa kusimamia na kupiga kafi. Huu hulaliwa kifudifudi au hupigiwa magoti, na maji huvutwa kwa mikono mitupu. Somo huanzia mchangani, kwa kuyasoma maji. Siku za bamvua tofauti baina ya maji kujaa na maji kupwa hapa Unguja hukaribia mita 4, na yanapoanza kutoka, maji yaliyokuwa ndani ya mwamba hukimbilia kwenye mlango, yaani mwanya wa mwamba, na kumchukua muogeleaji aliyedhani yumo mahali salama.

Sehemu bora kabisa ni ya kumpakia aliyechoka. Mwokoaji humkaribia huku ubao ukiwa kati yao, ili anayetapatapa aukamate ubao na si shingo ya mwokoaji. Akiwa hana nguvu, ubao hupinduliwa, mikono yake huvutwa juu ya ubao, kisha ubao hurudishwa na kumnyanyua kifua. Maalim huirudia hatua hii mpaka mwili wa mwanafunzi uizoee, nami naona hapo ndipo ada inapolipa.

Mbio huja baadaye. Huwasimulia wanafunzi mashindano ya Molokai hadi Oahu, kule Hawaii, ambako washindani huvuka kilomita zipatazo 51 za bahari kuu, na habari za Eddie Aikau, mwokoaji wa Waimea aliyepotea mwaka 1978 alipoondoka kwa ubao kuwatafutia msaada wenzake wa chombo Hōkūleʻa kilichopinduka.

Upungufu upo: mbao ni chache, hivyo kungoja zamu huchosha. Jambo linaloniuma zaidi ni kukosekana kwa darasa la wanawake, ilhali akina mama wa mwani huingia baharini hapo hapo kutafuta riziki; akipatikana mkufunzi wa kike, naamini wengi watajiandikisha.

Saa za masomo hufuata maji, kwa hiyo ni vyema kuulizia siku moja kabla.