Kuhamisha Deni la Kadi ya Mkopo: Tathmini ya Huduma Ambayo Kikomo Chake Hutajwa Mwisho

Huduma ya kuhamisha deni kutoka kadi moja ya mkopo kwenda nyingine hutangazwa kwa mambo mawili, riba sifuri na idadi ya miezi, na tangazo huishia hapo. Jambo la tatu, ambalo kwa maoni yangu ndilo linaloamua kama huduma itamfaa mwombaji, ni kiasi cha deni ambacho benki mpya itakubali kukibeba. Kiasi hicho hakimo kwenye tangazo wala hakiwezi kuwamo, kwa kuwa benki hukipanga baada ya kupokea maombi na kuchunguza kipato, madeni na historia ya ulipaji ya kila mwombaji. Mimi ni mteja wa huduma hii na kwa sehemu kubwa nimeridhika nayo. Lawama niliyo nayo inahusu kikomo hicho, na ndiyo itakayochukua nafasi kubwa katika tathmini hii.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi. Mteja huomba kadi mpya, hutaja namba ya kadi ya zamani na kiasi anachotaka kihamishwe, kisha benki mpya huilipa benki ya zamani na kukiandika kiasi hicho kama deni kwenye kadi mpya. Katika kipindi cha ofa, ambacho kwa kawaida huwa kati ya miezi 6 na 21, deni hilo halitozwi riba au hutozwa riba ndogo sana. Nchini Marekani, sheria ya kadi za mkopo ya mwaka 2009 inataka riba ya ofa idumu kwa muda usiopungua miezi 6. Benki hujilipa kwa ada ya mara moja, ambayo mara nyingi ni asilimia 3 hadi 5 ya kiasi kilichohamishwa. Zipo kadi zisizotoza ada hiyo, ila miezi yake ya ofa huwa michache.

Barua niliyopokea baada ya kukubaliwa ilikuwa na tarakimu mbili. Ya kwanza, iliyochapwa kwa herufi nene juu kabisa ya ukurasa, ilikuwa kikomo cha kadi, yaani jumla ya deni ambalo kadi inaweza kubeba kwa matumizi yote. Ya pili ilikuwa katika aya ya chini, kwa maandishi ya kawaida yasiyovuta jicho: kikomo cha uhamisho, ambacho kilikuwa asilimia 75 ya kile cha kwanza. Msomaji anayeishia kwenye herufi nene atapiga hesabu zake kwa tarakimu isiyomhusu, na sidhani kama mpangilio huo wa ukurasa ulitokea kwa bahati tu.

Benki hazifanani katika jambo hili. Baadhi huruhusu kikomo chote cha kadi kitumike kwa uhamisho. Nyingine huishia kwenye asilimia 90 au 95. Nyingine huuweka uhamisho katika fungu moja na utoaji wa fedha taslimu, ambalo kikomo chake huwa kidogo zaidi. Zipo pia zinazoweka kiasi maalumu ambacho mteja hawezi kukivuka ndani ya siku 30, hata kama kikomo cha kadi yake ni kikubwa kuliko hapo. Kwa mtu ambaye kadi anayo tayari na ameshafanya manunuzi nayo, kinachohesabiwa ni nafasi iliyobaki. Sababu za benki kujizuia zinaeleweka: deni linalohamia kwake halimwingizii riba kwa miezi mingi, na mwenye deni hilo ni mtu ambaye ameshindwa kulimaliza kule lilikotoka. Ninachokilalamikia si kuwapo kwa kikomo, bali kuchelewa kukitaja.

Ada nayo huingia ndani ya kikomo, na hapa ndipo wengi hushangaa. Tuchukue deni la 9,000, kwa sarafu yoyote ile, katika kadi inayotoza riba ya asilimia 24 kwa mwaka, ambayo ni takriban asilimia 2 kwa mwezi. Kadi mpya inakuja na kikomo cha 10,000, na kwa haraka mtu ataona kwamba deni lote linaingia na nafasi inabaki. Lakini kikomo cha uhamisho ni asilimia 75, yaani 7,500, na ada ya asilimia 4 lazima ienee humo humo. Kwa hiyo deni linaloweza kuhama ni takriban 7,211, kwa kuwa ada yake ya 288 ndiyo inayojaza nafasi iliyosalia. Zinazobaki kwenye kadi ya zamani ni 1,789. Anayeandika 7,500 kwenye fomu anaweza kukataliwa ombi lote, au benki ikahamisha kile kinachoenea bila kumuuliza, kutegemea masharti yake. Fomu ya mtandaoni niliyoijaza ilikuwa na kisanduku kimoja tu cha kiasi, na ada haikuonekana mpaka ukurasa wa mwisho wa kuthibitisha. Katika huduma inayohusu hesabu tupu, huo ni upungufu usio na udhuru.

Hata hivyo hesabu hiyo hiyo ndiyo inayonifanya niipe huduma alama nzuri. Deni la 7,211 lililokuwa likizaa riba ya takriban 144 kwa mwezi sasa halizai kitu, kwa hiyo ada ya 288 inarudi baada ya miezi miwili tu, na miezi yote inayofuata ni faida. Tena, kwa kuwa ada hutozwa kwa asilimia, kikomo kidogo hakigeuzi faida kuwa hasara. Huipunguza tu kwa kadiri ya deni lililoachwa nyuma. Pekee pa kuangalia ni pale kadi inapoweka kiwango cha chini cha ada, maana hapo uhamisho wa kiasi kidogo sana unaweza kuwa ghali.

Mwenye kadi kadhaa za zamani asihangaike na lile deni kubwa kuliko yote. Kikomo kinapobana, kinachofaa kuhamishwa kwanza ni deni lenye riba ya juu zaidi, hata likiwa dogo, kisha nafasi inayosalia ijazwe na linalofuata kwa ukubwa wa riba. Baki ya kadi ya zamani nayo inaendelea kutozwa riba kama kawaida, na katika mfano wetu ile 1,789 inazaa takriban 36 kwa mwezi. Mtu mwenye uwezo wa kulipa zaidi ya malipo ya chini, yaani kiasi cha lazima cha kila mwezi, ya kadi zote mbili atafanya vyema kuielekeza ziada yote huko mpaka baki iishe, kisha arudi kwenye kadi ya riba sifuri na kugawa deni lake kwa miezi iliyosalia.

Vikomo vingine havihusu kiasi cha fedha, nami nitavipitia kwa haraka. Benki haihamishi deni kutoka kadi yake moja kwenda kadi yake nyingine, hivyo mwenye deni katika benki fulani hana budi kuomba kwingine. Uhamisho unaotaka kupata riba ya ofa lazima uombwe ndani ya muda uliowekwa, mara nyingi siku 60 hadi 120 tangu akaunti ifunguliwe. Uhamisho wenyewe unaweza kuchukua siku chache au wiki mbili na zaidi, na katika muda huo kadi ya zamani ni lazima iendelee kulipwa, kwa sababu mpaka fedha zifike mdaiwa wa benki ya zamani ni yule yule. Kuchelewa malipo ya kadi mpya kunaweza kufuta ofa. Marekani sheria inaizuia benki kupandisha riba ya ofa kwa sababu hiyo mpaka ucheleweshaji upite siku 60, lakini ada ya kuchelewa hutozwa mapema zaidi ya hapo.

Taarifa ya mwezi ya kadi mpya inafaa kusomwa kwa makini, kwa sababu haina deni moja bali mafungu: uhamisho, manunuzi, na fedha taslimu, kila moja na riba yake. Ofa nyingi hugusa fungu la kwanza tu. Anayefanya manunuzi kwa kadi hiyo huku deni lililohamishwa likiwa bado lipo anaweza kutozwa riba tangu siku ya manunuzi, bila zile siku za neema alizozoea, yaani muda wa kulipa manunuzi bila kutozwa riba. Ile asilimia 25 ya kikomo ambayo benki ilikataa itumike kwa uhamisho imeachwa wazi kwa matumizi ya namna hiyo, na mimi ningeiacha ikae hivyo hivyo.

Kuhusu alama za mkopo, yaani namba ambayo wakopeshaji huitumia kupima uaminifu wa mtu katika kulipa, kadi mpya inayobeba 7,500 kati ya 10,000 inaonekana imetumika kwa asilimia 75, na kiwango hicho hushusha alama kwa muda, ingawa nafasi ya jumla ya mkopo ya mteja imeongezeka. Ombi lenyewe pia huacha kumbukumbu ya uchunguzi katika historia ya mkopo ya mwombaji. Baadhi ya benki humruhusu mtu kupima uwezekano wa kukubaliwa bila kuacha kumbukumbu hiyo, jambo ninalolisifu, lakini mara nyingi majibu yake yanasema tu kwamba huenda utakubaliwa, bila kutaja ni kwa kiasi gani.

Nilipopiga simu huduma kwa wateja kuuliza kama kikomo cha uhamisho kinaweza kuongezwa, aliyenihudumia alikuwa mwungwana na alinijibu bila kuzunguka: ombi la kuongezewa kikomo hupokelewa baada ya akaunti kukaa miezi kadhaa ikilipwa vizuri, na linaweza kuhitaji uchunguzi mpya wa historia ya mkopo. Jibu hilo ni la haki, lakini linapowekwa kando ya muda wa kuomba uhamisho linaonyesha kwamba kikomo cha mwanzo ndicho cha kutegemea, kwa sababu nyongeza ikija, siku za kuhamisha kwa riba ya ofa huwa zimekwisha na deni litakalohamishwa wakati huo litatozwa riba ya kawaida ya kadi, pamoja na ada yake.