Bomba la moshi la jiko la kuni: lipi ununue, lipi uliache dukani

Bomba la moshi huoza kutoka ndani, kwa hiyo rangi ya nje haikuambii lolote. Moshi wa kuni una mvuke na asidi. Ukipoa ndani ya bomba huacha majimaji meusi yanayonata kama lami, na hayo ndiyo yanayokula bati. Penye baridi moshi hupoa upesi, ndiyo maana bomba la Molo au Elburgon huchakaa huko juu mapema kuliko la Kisumu, hata kama yote mawili yametoka kwa fundi mmoja.

Panapoumia zaidi ni mita ya kwanza juu ya jiko, inayounguzwa na moto, na kile kipande cha juu ya paa, kinachonyeshewa nje huku lami ikikila ndani. Pesa ziende hapo.

1. Bomba la mchanganyiko

Kwa nyumba nyingi hili ndilo la kununua. Mita ya kwanza iwe shiti nyeusi ya unene wa milimita 1, kisha bati la zinki la geji 24 (geji ni kipimo cha unene wa bati) hadi juu. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420 hivi, na moto mkali wa mkaratusi mkavu unaweza kufika hapo kwenye shingo ya jiko. Bati la zinki likikaa karibu na moto hubanduka ngozi yake, huweza kutoa mvuke mbaya kwa mapafu, kisha kutu inaingia. Shiti nyeusi haina zinki ya kuyeyuka, ila haivumilii mvua, kwa hiyo ibaki ndani ya nyumba.

Shiti bapa ya futi 8 kwa 4 hutoa vipande viwili vya bomba la inchi 6, karibu mita 5 kwa jumla, au vitatu vya inchi 4, mita 7 na kidogo. Fundi akikudai shiti mbili za zinki kwa bomba la inchi 6 la mita 4, muulize nyingine inaenda wapi. Jiko likiwashwa kila siku, tegemea miaka 5 hivi.

2. Stenlesi tupu

Ni bora kuliko la kwanza, lakini bei yake ni mara kadhaa. Likisafishwa, miaka 15 si ajabu. Nenda dukani na sumaku: stenlesi ya daraja 304, ambayo ndiyo unayoitaka, haishiki, au hushika kwa mbali sana. Sumaku ikinasa kwa nguvu hiyo si 304, usiilipie bei ya 304. Mfuko usiporuhusu lote, nunua kipande cha juu ya paa tu. Kwa mvua za Kakamega na Kisii kitakulipa.

3. Dohani ya matofali

Inafaa anayejenga sasa hivi, maana inahitaji msingi wake. Hudumu miongo, mradi boriti ya mbao isiingizwe ukutani mwake na nyufa zizibwe mapema.

4. Bati la geji 30

Namba ya geji ikipanda, bati linazidi kuwa jembamba. Hili lina kama theluthi ya milimita, na kwa jiko la kila siku mara nyingi halifiki miaka 2. Linatosha jiko la wageni au nyumba ya kupanga.

Plastiki ya maji taka isikaribie jiko, hulainika hata kabla maji hayajachemka. Mabomba ya zamani ya asbesto usiyakate wala kuyavunja. Mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, ndiye wa kuyaondoa.

Kulifunga

Upana uwe sawa na tundu la jiko, usipunguzwe popote njiani. Kona zisizidi mbili. Kilele kipite kwa sentimita 60 kitu chochote kilicho ndani ya mita 3, ukiwemo mgongo wa paa, la sivyo upepo utaurudisha moshi jikoni. Bomba lisilo na ganda la pili likae sentimita 45 kutoka kwenye mbao.

Kosa la mafundi wengi liko kwenye maungio. Kipande cha juu ndicho kinachoingia ndani ya kile cha chini, ili lami iteremke ndani kwa ndani. Wakigeuza, utaona michirizi myeusi ukutani baada ya wiki chache. Kila ungio lipigwe skurubu 3.

Kulitunza na kulibadilisha

Safisha kila miezi 3, au masizi yakifika unene wa milimita 3. Kuni mbichi hufupisha muda huo, na hakuna bati la kukuokoa nazo. Ukisikia bomba linavuma na limeanza kuwa jekundu, lami imeshika moto: funga mlango wa jiko na njia za hewa, toa watu nje, na usimwage maji.

Mara moja kwa mwaka, jiko likiwa limepoa, ingiza tochi ndani ya bomba usiku. Mwanga ukitokeza kwenye mshono, kipande hicho kimekwisha. Bonyeza pia kwa kidole karibu na paa, likibonyea, badilisha. Unapoagiza kipande kipya, peleka kile cha zamani kwa fundi apime mzingo, kwa sababu inchi 6 ya fundi wa Kibuye, Kisumu, haiingii kila mara kwenye inchi 6 ya Nakuru.