Casio F-91W kwa anayejifunza sekstanti Arusha

Sekstanti ni chombo cha kupima pembe ya jua au nyota juu ya upeo, na ili kupata longitudo unahitaji pia saa sahihi. Kwa kazi hii saa hii ya plastiki inatosha. Mtengenezaji anasema haipotezi wala kuzidisha zaidi ya sekunde 30 kwa mwezi. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo sekunde 4 ni dakika moja ya longitudo (sehemu ya 60 ya nyuzi), na huku karibu na ikweta hiyo ni kama maili moja ya baharini. Sekunde 30 zisizorekebishwa ni maili saba na nusu.

Usiichokonoe kila siku. Ilinganishe na tovuti ya time.is mara moja kwa wiki, andika daftarini imekimbia au imechelewa sekunde ngapi, kisha rekebisha kwenye hesabu. Kuiweka mara ya kwanza: bonyeza kitufe cha chini kushoto mara tatu, sekunde zitamemeta, bonyeza cha kulia sekunde za time.is zinapofika sifuri. Cha juu kushoto kinakupeleka kwenye tarakimu za saa. Tumia mfumo wa saa 24 na uweke GMT, maana almanaka ya baharini, kitabu cha mahali lilipo jua kila saa, haina habari na saa ya Afrika Mashariki.

Hapa ndipo wengi huteleza. Kwa 10:00 ya kwenye simu unatoa 3. Kwa saa 4 asubuhi, ambayo ni wakati huohuo, unaongeza 3. Zote zinakupa 07:00 GMT. Ukitoa 3 kwenye saa 4 umekosea saa sita, nyuzi 90, na hesabu inakutua Indonesia.

Mikanda ya saa nayo ina mtego. Baharini unagawa longitudo kwa 15 na kuchukua namba nzima iliyo karibu. Arusha, 36°41' Mashariki, inaangukia mkanda wa 2, japo saa ya nchi ni ya 3. Moshi, 37°20', inabaki wa 2 chupuchupu. Mpaka ni 37°30'. Ndiyo maana jua hufika juu kabisa Arusha wastani wa 12:33. Mwanzoni mwa Novemba huwahi kwa dakika 16 hivi.

Bila upeo wa bahari utapima pembe kati ya jua na taswira yake kwenye trei ya mafuta, kisha kugawa pembe hiyo kwa mbili. Pima asubuhi: jua la mchana pembe yake ikizidishwa mara mbili hupita mwisho wa sekstanti nyingi.

Kasoro zake? Taa ni hafifu, na kalenda haina mwaka, hivyo Februari 29 uiweke mwenyewe. Tarehe ya GMT hubadilika saa 9 usiku wa huku. Ukisoma mstari wa siku nyingine kwenye almanaka mwezi Machi, mteremko wa jua (umbali wake kaskazini au kusini mwa ikweta) unapotoka kwa dakika 24 za nyuzi hivi.

Madukani shikilia kitufe cha kulia sekunde tatu: iandike CASIo. Isipoandika, huenda ni bandia, irudishe.